Soga, Gumzo na Porojo

Watafsiri hukumbana mara kwa mara na tatizo la kuyapa jina maneno wasemezanayo marafiki wa siku nyingi: habari za mvua, bei ya sukari, mtoto aliyeota meno. Baadhi yao huandika "mazungumzo madogo". Hiyo ni tafsiri sisisi, nayo haihitajiki, kwani Kiswahili kina maneno yake.

Soga ni maongezi ya kupitisha wakati baina ya watu waliozoeana. Gumzo lina maana hiyo pia, ila hupanuka likawa jambo linalosemwa na wengi, kama tusemavyo "gumzo la mji". Porojo ni maneno yasiyo na maana, na ndani yake mna dharau. Hivyo, mkuu wa ofisi aandikapo kuwa watumishi "walikuwa wakipiga porojo", ameeleza na kuhukumu papo hapo. Aandikapo "wakipiga soga", ameeleza tu.

Tofauti hiyo ina uzito. Marafiki waulizanao hali kila jioni huenda wasipashane jipya lolote, lakini asiyeonekana siku mbili huulizwa. Katika miji ya pwani shughuli hiyo hufanyika barazani, mbele ya nyumba. Na neno hilohilo limo katika jina la Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967.

Kwa hiyo tunapendekeza neno soga litumike kwa maongezi ya namna hii, na porojo liachiwe mahali penye lawama.