Karakana Ndogo na Fedha Kubwa za Ulinzi

Mwaka 2002, askari wa Marekani waliokuwa Afghanistan walikuta mapango ambayo hawakujua ndani yake mna nini. Badala ya kumtanguliza mtu, walitanguliza kigari chenye minyororo kama ya kifaru, kikiwa na kamera, huku askari akikiongoza kutoka mbali. Kigari hicho huitwa PackBot, na mtu mmoja aweza kukibeba. Hakikuundwa na kampuni mojawapo kati ya yale makubwa yanayounda ndege na manowari. Kiliundwa na iRobot, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1990 na watu watatu kutoka Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts: Rodney Brooks, Colin Angle na Bibi Helen Greiner. Fedha za kukitafiti zilitoka DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Na akina mama watapenda kujua kwamba mwaka huohuo kampuni ileile ilianza kuuza Roomba, mashine ndogo inayofagia nyumba peke yake.

Watu wachache wenye wazo hupataje fedha za jeshi la nchi kubwa kama ile? Swali hili si la kujifurahisha tu. Baadhi ya wasomaji wetu wana ndugu waliohamia Marekani, na wengine kati yao wamefungua biashara ndogo huko. Sheria ya mpango nitakaoueleza haikuwataka wenye kampuni wawe wazaliwa wa nchi ile. Ilitaka kampuni iwe ya kutafuta faida, iwe na makao Marekani, zaidi ya nusu yake imilikiwe na raia au wakazi wenye kibali cha kudumu, na wafanyakazi wake, pamoja na wale wa kampuni zinazohusiana nayo, wasizidi 500.

Mpango wenyewe ni wa Utafiti wa Ubunifu wa Biashara Ndogo, ambao Wamarekani huuita kwa kifupi SBIR. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1977 na Bwana Roland Tibbetts katika Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo. Mwaka 1982 Rais Reagan akatia sahihi sheria iliyoueneza serikalini. Kila idara inayotoa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa utafiti unaofanywa nje ya idara ililazimika kutenga fungu kwa ajili ya biashara ndogo. Fungu hilo lilianza na asilimia 0.2, likapanda polepole hadi asilimia 3.2. Kwa kuwa Wizara ya Ulinzi ndiyo yenye bajeti kubwa ya utafiti, fungu lake ndilo lililokuwa kubwa kupita yote.

Fedha hizi si mkopo, wala hazimwondolei mwenye kampuni umiliki wake. Lakini pia si msaada wa kumwinua mnyonge. Wizara inanunua utafiti. Hapo ndipo waombaji wengi hujikwaa: huandika kurasa nyingi kuisifu mashine yao, ilhali wizara imetangaza mada maalumu, kwa mfano kupunguza uzito wa betri anazobeba askari wa miguu. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na kila mwalimu amewahi kusahihisha karatasi ya mwanafunzi aliyejibu kwa ufasaha mkubwa swali ambalo hakuulizwa. Hupewa sifuri, na huondoka akinung'unika.

Dawa yake ni kuzungumza mapema. Kwa desturi ya Wizara ya Ulinzi, mada zilitangazwa siku kadhaa kabla ya maombi kuanza kupokelewa, na katika siku hizo mwombaji aliruhusiwa kumpigia simu mtu aliyeiandika mada. Aliweza kumwuliza: Kifaa mlicho nacho sasa kinashindwa wapi? Mmekwisha kujaribu nini? Nani atakitumia, mwanamaji au rubani? Mlango wa maombi ulipofunguliwa, mazungumzo hayo yalikatazwa, na maswali yakapelekwa kwa maandishi mahali ambapo washindani wote waliyasoma. Aliyezipoteza siku zile za mwanzo alikuwa amepoteza nusu ya nafasi yake, hata kama kalamu yake ni nzuri.

Wapimaji nao walitazama mambo matatu: ubora wa wazo, uwezo wa watu watakaolifanyia kazi, na matumaini ya kifaa kupata soko baadaye. La tatu halipaswi kudharauliwa. Barua ya kamanda au ya kampuni kubwa, inayosema kwamba kifaa kikifaulu watakihitaji, ina uzito kuliko kurasa kumi za sifa.

Kuna pia kazi ya makarani, ambayo wavumbuzi huichukia. Kampuni lazima ijiandikishe katika daftari la serikali la wafanyabiashara, na uandikishaji huo hauna malipo. Anayedai ada anajitafutia chake. Mtafiti mkuu lazima awe mwajiriwa wa kampuni kwa sehemu kubwa ya muda wake, si profesa wa kuazima jina. Katika hatua ya kwanza, theluthi mbili za kazi zifanywe na kampuni yenyewe. Tena, tangu sheria ya mwaka 2022, uhusiano wowote na nchi ambazo Marekani inazitilia shaka lazima utajwe wazi.

Hatua zenyewe ni tatu. Ya kwanza huthibitisha kwamba wazo lawezekana. Huchukua kama miezi sita, na malipo yake kwa kawaida hayakuzidi sana dola 300,000. Ya pili ni ya kuunda kifaa cha majaribio, kwa muda wa kama miaka miwili, na malipo huweza kufika karibu dola milioni mbili. Ya tatu haina fungu la mpango huu hata senti moja: kampuni hutafuta mnunuzi. Hata hivyo sheria iliiachia silaha moja nzuri, kwamba idara ya serikali inaweza kuipa mkataba wa kuendeleza kazi ileile bila kuishindanisha upya na wengine.

Baina ya hatua na hatua ndipo nyumba huteseka. Wamarekani wenyewe hupaita bonde la mauti. Fikiria askari mstaafu mwenye karakana na mafundi wanne, ambaye mkewe ndiye mtunza hesabu. Hatua ya kwanza imekwisha, ripoti imepokelewa kwa pongezi, na jibu la hatua ya pili halijafika kwa miezi mingi. Mafundi wanataka mshahara na benki inataka rehani ya nyumba. Mke anayefungua daftari siku ya kwanza ya mkataba na kuuliza tutakula nini mwezi wa nane, huyo ameiokoa kampuni kuliko mhandisi.

Bonde hilo huweza kupanuka ghafla. Tarehe 30 Septemba 2025 muda wa kibali cha Bunge kwa mpango huu ulikwisha kabla wabunge hawajakubaliana kuuongeza, na mikataba mipya ikasimama. Waliokuwa wametegemea jibu la mwezi wa kumi waliachwa njiani. Kwa hiyo mwombaji hana budi kuuliza kwanza kama dirisha liko wazi, kisha ndipo akope fedha za vifaa. Upande wa pili, Jeshi la Anga lilikwisha kuonyesha kwamba wepesi unawezekana: mwezi Machi 2019, mjini New York, liliwasikiliza wenye kampuni ndogo na kutoa mikataba 51 papo hapo, kila mmoja kwa wastani wa dakika 15.

Jambo la mwisho ni la kulinda siri. Tangu mwaka 2019, kampuni ilipewa hifadhi ya miaka 20 juu ya takwimu na michoro iliyotokana na mkataba wake, serikali isiwakabidhi washindani. Lakini hifadhi hiyo haiji yenyewe. Kila ripoti na kila mchoro hubidi kubandikwa tamko la hifadhi kwa maneno yaleyale yaliyowekwa na kanuni. Ukurasa ukitoka bila tamko, serikali ina haki ya kudhani kwamba mwenyewe ameutoa kwa wote, na hapo miaka ya kazi yaweza kwenda kwa jirani mwenye kiwanda kikubwa. Kabla bahasha haijafungwa, mtu mmoja, ambaye siye mwandishi wa ripoti, aupekue kila ukurasa.