Boma la Kale Lapata Watunzaji Tena

Ukitoka mji wa Migori, huko Nyanza ya Kusini, ukashika njia ya kaskazini-magharibi mwendo wa kilometa 46 hivi, wafika mahali panapoitwa Thimlich Ohinga. Katika lugha ya Kijaluo, thimlich ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma la mawe. Jina lenyewe latupa nusu ya habari: boma lilikuwapo, kisha pori likalifunika.

Wataalamu wa mambo ya kale wakadiria kuwa boma hili lilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha meta moja na nusu hata meta nne na nusu, na unene wake wapata meta moja. Ndani walikaa watu pamoja na mifugo yao, wakijilinda na adui na wezi wa ng'ombe. Malango ni mafupi, hata mgeni hana budi kuinama apitapo. Mpaka leo huonekana mahali palipokuwa na nyumba na mazizi, mawe ya kusagia nafaka, na vishimo vya kuchezea bao vilivyochimbwa katika mwamba.

Lakini jambo la kustaajabisha zaidi ni ujenzi wenyewe. Hapana chokaa, hapana udongo, wala mawe hayakuchongwa. Waashi walipanga mawe upande wa nje na upande wa ndani, wakajaza mawe madogo katikati, yote yakashikana kwa uzito wake na kwa ustadi wa mpangaji. Basi msomaji aweza kuuliza: ukuta wa namna hii uliwezaje kusimama miaka mia kadha? Jibu ni kwamba haukusimama peke yake. Jiwe lililoanguka lilirudishwa, na mti ulioota uling'olewa. Watu wa makabila mbalimbali waliingia wakahama, wengine wakaingia, na kila waliopokea makao hayo walipokea pia kazi ya kuyatengeneza.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaaji wa mwisho walitoka, na kazi ile ikakosa mwenyewe. Mizizi ikapenya kati ya mawe, miti ikaangukia kuta, watu na wanyama wakapita juu yake. Kilichodumu karne nyingi kikaanza kuporomoka katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliandika boma hili katika orodha yake ya mahali pa kale palipo hatarini.

Ndipo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakashika kazi ya kulitengeneza pamoja na wenyeji. Mwenye haraka angetamani saruji. Lakini ukuta wa saruji usingekuwa tena ukuta wa wazee, na ufundi wa kupanga mawe ungekufa kwa kukosa wanafunzi. Kwa hiyo mawe yalipangwa tena kwa njia ile ile ya zamani. Wazee wa jirani nao wakashirikishwa katika shauri la utunzaji, na leo wageni na watoto wa shule huingia kwa malango yale yale kujifunza jinsi watu wa kale walivyokaa.

Mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, nchi ya Bahrain, UNESCO iliandika Thimlich Ohinga katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hiyo ni heshima kubwa. Walakini, sisi makarani twapenda sana karatasi yenye mhuri, na yafaa tukumbuke kwamba mhuri hauinui jiwe lililoanguka.

Mkulima aliyejenga matuta shambani mwake ajua jambo hili vizuri. Matuta hayajengwi mara moja yakaachwa. Kila baada ya mvua hutazamwa, na palipobomoka hutengenezwa siku ile ile. Ndivyo ilivyo kwa boma la kale. Fedha za kulifufua zaweza kutoka mbali, lakini macho ya kuliangalia kila siku ni ya jirani tu. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Thimlich wamekwisha kujenga ukuta. Iliyobaki sasa ni kuziba nyufa, mwaka hata mwaka, na kuwafundisha vijana mahali pa kuweka kila jiwe.