Lisbon kwa Siku Nne: Pa Kulipa na Pa Kupita Bure

Waulize watu wawili waliotembelea Lisbon kama mji ule ni ghali, na huenda ukapata majibu yanayopingana. Mmoja atakwambia alikula chakula cha mchana kamili, supu, samaki, kinywaji na kahawa, kwa euro 12. Mwenzake atasema alitozwa euro 25 kwa sahani moja ya samaki waliopoa, hatua chache tu kutoka hapo. Wote wanasema kweli. Mji huu mkuu wa Ureno una bei mbili kwa karibu kila kitu, na ile ya juu ndiyo inayomngoja mgeni mlangoni. Kwa hiyo nimepanga hesabu za safari ya siku nne, usiku tatu, kwa euro. Kwa viwango vya 2025, euro moja ilikuwa karibu shilingi 150 za Kenya au 3,000 za Tanzania.

Tuanze na viza, maana ndiyo inayoamua kama safari yenyewe ina maana. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na nusu yake kwa mtoto wa miaka sita hadi kabla ya kumi na miwili. Ongeza malipo ya kituo cha kupokelea maombi, pamoja na bima ya afya ya safari inayokinga angalau euro 30,000. Ukinyimwa, ada hairudi. Anayeishi London au Muscat kwa pasi ya Kenya au Tanzania naye anaihitaji, hata kama ana kibali cha kukaa huko. Ada ni ileile ukikaa siku nne au ishirini, ndiyo maana simshauri mtu kufunga safari kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwa siku nne za Lisbon peke yake. Ambatanisha na safari nyingine: harusi ya ndugu Ujerumani, mkutano wa kazi Uholanzi, likizo kwa shangazi Uingereza (ambako viza ni nyingine kabisa). Tafuta tiketi inayokuingiza Ulaya kwa mji mmoja na kukutoa kwa mwingine, ili usilipe nauli ya kurudi ulikotoka. Wakati viza haijatoka, chukua chumba unachoweza kukifuta bila kukatwa hata senti.

Kwa aliyekwisha kuwa Ulaya hesabu ni tofauti, kwani ndege za bei nafuu ziendazo Lisbon ni nyingi. Lakini nauli ya euro 40 inayotangazwa mara nyingi ni ya abiria mwenye kibegi cha kuweka chini ya kiti. Linganisha bei baada ya kuongeza begi, si kabla. Huenda shirika la kawaida, lenye mzigo ndani ya nauli, likawa nafuu zaidi.

Kuhusu majira, mimi ningechagua Machi au mwisho wa Oktoba. Juni ni mwezi wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, usiku wa tarehe 12 kuamkia 13. Mitaa hujaa moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa njiani, na vyumba hupanda bei vibaya sana. Januari vyumba hushuka, ila mvua hunyesha na nyumba nyingi za Kireno hazina joto la kutosha ndani. Mtu aliyezoea Mombasa ataona baridi ya chumbani kuliko ya nje. Ukienda miezi ya baridi, uliza waziwazi kama chumba kina kipasha joto, na kama umeme wake umo ndani ya bei.

Mahali pa kulala ndipo pesa nyingi zinapookolewa au kupotea. Mtaa wa Baixa, uliojengwa upya kwa mistari iliyonyooka baada ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, ni tambarare na uko katikati ya kila kitu. Hoteli ya kawaida pale yaweza kufika euro 180 kwa usiku kwa watu wawili, na msimu ukichanganya hupita hapo. Alfama, kilima cha kale kilichonusurika kwa sehemu kubwa katika tetemeko lile, kinapendeza mno kwenye picha. Ila picha hazikuonyeshi ngazi utakazopanda na sanduku kichwani, wala muziki wa fado unaopenya dirishani hadi usiku wa manane. Mimi ningelala Anjos au Arroios, kwenye njia ya kijani ya metro, vituo vichache tu kutoka Baixa. Huko chumba safi cha wawili hupatikana kwa kama euro 80, maduka ni ya wenyeji, na mkahawa wa chini ya nyumba haukuongezei bei kwa kuwa wewe ni mgeni. Popote utakapolala, mtu mwenye miaka 13 na zaidi hulipa kodi ya jiji ya euro 4 kwa usiku, kiwango kilichopandishwa Septemba 2024. Angalia kama bei uliyoonyeshwa imeijumuisha.

Usafiri hauumizi kichwa. Metro inafika uwanja wa ndege tangu 2012, na tiketi moja haifiki euro 2. Nunua kadi ya karatasi ya Navegante kwa senti 50, kila mtu ya kwake, kisha weka salio ulitumie kidogo kidogo. Kila safari hutoka nafuu kuliko tiketi ya moja moja. Ukipanda tramu na kumlipa dereva taslimu, safari ileile itakugharimu zaidi ya euro 3.

Tramu namba 28 kila mtu anaitaka. Ni vigari vya njano vya mbao, vya miaka ya 1930, vinavyopita kwenye vichochoro kiasi cha kugusa kuta. Pale Martim Moniz, inapoanzia, foleni ya saa nzima mchana si jambo la ajabu, na ndani mnabanana na wezi wa mifukoni. Panda kabla ya saa mbili asubuhi, au iache. Bajaji za watalii, nyingi zikiwa za umeme, hutoza euro 50 na zaidi kwa saa. Kwa familia yenye mzee asiyeweza vilima naona zina faida, kwa wengine hapana. Vile vigari vya reli vya kupandia milima navyo usivitegemee katika ratiba. Kimoja, cha Glória, kilipata ajali tarehe 3 Septemba 2025 na watu 16 wakafariki.

Kuna usafiri mmoja ningeulipia hata kama ungekuwa ghali mara tatu: feri ya kutoka Cais do Sodré kuvuka mto Tejo hadi Cacilhas. Ni dakika kama kumi, kwa chini ya euro 2, pamoja na wafanyakazi wanaorudi nyumbani. Mji mzima unauona umejipanga juu ya vilima vyake, jambo ambalo boti za watalii hulitoza mara kumi na zaidi.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo.

Kanuni ya kwanza ni kula mchana. Migahawa midogo ya wenyeji, tasca, huandika chakula cha siku kwenye karatasi na kuibandika dirishani: supu, sahani moja, kinywaji na kahawa, kati ya euro 9 na 14. Meza zimetandikwa karatasi nyeupe, televisheni inasema peke yake ukutani, na mafundi wa ujenzi wamekaa bega kwa bega na mawakili. Sahani inakuja imejaa: chewa mkavu aliyechambuliwa na kuvurugwa kwa mayai na viazi vyembamba, au pweza wa kuokwa anayeelea kwenye mafuta ya zeituni. Ukimaliza, mzee anajumlisha hesabu kwa kalamu palepale kwenye karatasi ya meza. Jioni mkahawa huohuo mara nyingi hauna tena chakula cha siku, na sahani ileile hununuliwa peke yake kwa bei ya juu zaidi. Kula vizuri mchana, kisha usiku ridhika na supu na mkate.

Kanuni ya pili inahusu vile visahani vinavyowekwa mezani kabla hujaagiza chochote: mkate, zeituni, jibini, pengine kamba. Si zawadi. Vina bei, na vikikusanyika vinaweza kuongeza euro 10 juu ya hesabu yako. Lakini sheria ya Ureno iko upande wako: kitu ambacho hukukiomba wala hukukigusa hakitozwi. Sema hapana kwa adabu, virudishwe. Soma pia bei za samaki wabichi na vyakula vya baharini kwa makini, kwani mara nyingi ile namba ni ya kilo, si ya sahani. Mwambie apime kabla ya kupika.

Halafu kuna suala la kiti. Kahawa ya kusimama kaunta ni kama euro moja. Ukiketi nje kwenye uwanja wenye mandhari, kahawa ileile huwa euro mbili au tatu, na wenye mkahawa wana haki ya kuweka bei hizo mradi wazitangaze. Ndivyo ilivyo kwa vile vitobosha vya krimu ya mayai, pastel de nata. Duka la Pastéis de Belém linavioka tangu 1837, na kimoja ni kama euro 1.50. Hapa sina ubishi, pesa yake ni halali. Foleni ndefu ya nje aghalabu ni ya wanaobeba. Ukumbi wa ndani una vyumba vingi na meza hupatikana haraka. Lakini ukikosa muda wa kufika mtaa wa Belém, vya duka la Manteigaria mjini vinatoka motoni vikiwa vizuri sawasawa kwa bei inayokaribiana.

Kwa Muislamu, Lisbon ni rahisi akijua mipaka. Samaki wametapakaa, ila supu ya kijani ya caldo verde hutiwa soseji ya nguruwe, mkate wa bifana ni nguruwe mtupu, na baadhi ya keki hukandwa kwa mafuta yake, ulizia. Maduka na migahawa ya halali iko mingi Rua do Benformoso, nyuma ya Martim Moniz, na Msikiti Mkuu, uliofunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Utakutana pia na chamuça kwenye kabati la kioo la kila mkahawa mdogo, sambusa iliyofika Ureno kwa njia ya Goa, kwa kama euro moja na nusu. Uliza nyama iliyomo.

Viingilio vimepanda sana. Ua la ndani la monasteri ya Jerónimos lilifika euro 18 mwaka 2025, na ngome ya São Jorge nayo si nafuu. Kadi ya watalii ya Lisboa Card, kama euro 30 kwa saa 24, inalipa tu ukiingia Jerónimos, ukaongeza makumbusho mengine, na ukapanda usafiri kutwa nzima. Kabla ya kuinunua, angalia kilichofungwa: mnara wa Belém ulifungwa kwa ukarabati mwaka 2025.

Mimi ngome ningeiacha. Wanaoipanda wengi wanatafuta mandhari, na mandhari bora zaidi iko bure Senhora do Monte, kilima kinachoitazama ngome yenyewe. Jerónimos nako unaweza kuingia kanisani bila kulipa, kwa mlango tofauti na ule wa ua. Ndani, mara tu uingiapo, liko kaburi la Vasco da Gama, meli imechongwa ubavuni. Huyu ndiye aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, na monasteri ilijengwa kwa sehemu kubwa kutokana na ushuru wa viungo uliofuata safari ile.

Kiingilio ambacho ningemwomba kila msomaji wa Kiswahili akilipe ni cha Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, ambacho hakifiki kile cha Jerónimos. Tafuta kitu kinachoitwa Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha dhahabu, mitume kumi na wawili wamepiga magoti kwa duara, mavazi yao yana rangi za vito, na juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Kilikamilika 1506 kwa amri ya mfalme Manuel I. Dhahabu yake ni ya Kilwa: Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuitoa kama kodi mwaka 1502, akiwa na mizinga bandarini. Miaka mitatu baadaye Wareno walirudi na kuuteka mji. Anayetoka pwani yetu akakaa siku nne Lisbon bila kuiona dhahabu hiyo amepita mlangoni pa jambo linalomhusu. Angalia tu tovuti ya makumbusho kabla ya kwenda, kwani nayo yaweza kufungwa kwa ukarabati, na siku ya Jumatatu hayafunguliwi.

Pesa taslimu zitoe kwenye mashine za Multibanco zilizobandikwa kwenye kuta za benki. Ziepuke zile za kubadilisha fedha zilizosimama peke yake kwenye mitaa ya watalii. Mashine ikikuuliza ikutoze kwa shilingi au kwa euro, chagua euro.

Tujumlishe, kwa mtu mmoja anayegawana chumba na mwenzake, bila nauli ya ndege wala viza. Wa kwanza analala Arroios: chumba 120, kodi 12, usafiri 20, chakula 120, viingilio viwili visizidi 35. Jumla ni kama euro 307. Wa pili analala Baixa: chumba 270, kodi 12, teksi na bajaji 80, chakula 280, viingilio 70 pamoja na kasri la Pena katika mji wa jirani wa Sintra. Jumla ni euro 712. Tofauti ni zaidi ya euro 400, na katika hizo ningemwonea wivu wa pili kwa siku yake ya Sintra tu. Hiyo hata wa kwanza anaweza kuiongeza: treni kutoka kituo cha Rossio haifiki euro 6 kwenda na kurudi, na tiketi ya Pena ni kama euro 20.