Sabuni, Grisi na Ngozi ya Mfanyakazi



Wenzetu wa karakana, na wale wanaonyunyiza dawa mashambani, wanatuuliza: sabuni inayong'oa grisi, mbona hiyo hiyo hupasua mikono? Jibu limo katika umbo la molekuli, yaani vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji, na mkia mmoja wa mafuta unaoyakimbia. Kichwa ni kipana, mkia mwembamba, mfano wa karoti. Zikiwa nyingi majini hujipanga zenyewe bila msimamizi: mikia ndani, vichwa nje. Nawe ukizibananisha karoti nyingi, ncha zikielekea ndani, utapata mpira, ukuta hutaupata. Ndani ya mpira huo ndimo grisi hufungwa, ikachukuliwa na maji.

Mafuta muhimu ya ngozi yetu yana mikia miwili. Mikia hiyo hulingana na kichwa kwa unene, basi molekuli huwa kama kipande cha gogo, na magogo yakisimamishwa pamoja hufanya ukuta. Ukuta huo, tabaka juu ya tabaka, huzuia maji ya mwili yasitoke na sumu isiingie. Mwaka 1976 wataalamu Israelachvili, Mitchell na Ninham walitoa hesabu yake: chukua ujazo wa mikia, ugawanye kwa eneo la kichwa mara urefu wa mkia. Jibu likiwa chini ya theluthi moja, ni mpira. Likikaribia moja, ni ukuta.

Sabuni kali ikitumiwa kila saa, karoti hujipenyeza kati ya magogo, ukuta ukalegea na mafuta yakabebwa. Petroli na thina ni mbaya zaidi, maana huyayeyusha mafuta moja kwa moja (na ni nani kati yetu hajapata kunawa kwa petroli jioni?). Ngozi iliyopasuka hupitisha dawa za mashamba kwa wepesi.

Hatusemi msinawe. Baada ya kunyunyiza, kunawa ni lazima: sabuni ya kawaida, maji mengi, kisha mafuta ya kupaka. Katika mazungumzo na waajiri, matawi yadai vitu hivyo pamoja na glovu zinazofaa kwa dawa inayotumika. Glovu iliyotoboka huingiza dawa na kuibana juu ya ngozi kutwa nzima. Ibadilishwe siku hiyo hiyo.