Beringi za Msukumo: Aina, Sifa na Utata wa Istilahi

Istilahi "beringi ya msukumo" ina utata unaofaa kutanzuliwa kabla ya lolote. Beringi hii haisukumi, husukumwa. Hukinga nguvu inayofuata urefu wa shafti, ilhali beringi ya kawaida hubeba uzito unaoilemea shafti kutoka ubavuni. Baiskeli moja inazo zote mbili: gololi za gurudumu hulemewa zaidi kutoka ubavuni, nazo za shingo ya usukani hukandamizwa kutoka juu na chini. Kwa maoni yangu, "beringi ya kuhimili msukumo" ingekuwa istilahi dhahiri zaidi, ijapokuwa ni ndefu.

Aina sahili ni ile ya gololi zilizopangwa baina ya pete mbili za chuma. Huzunguka kwa wepesi, lakini haifai kwa mzigo mzito sana, wala haistahimili nguvu za ubavuni. Beringi ya klachi ya gari ni ya jamaa hii. Hufanya kazi dereva akanyagapo pedali, na ndiyo maana yule mwenye mazoea ya kuupumzisha mguu wake hapo huichakaza mapema.

Rola hubeba mzigo mkubwa kuliko gololi kwa kuwa hugusa pete kwa mstari, si kwa nukta. Hata hivyo, ncha ya nje ya rola nyofu husafiri masafa marefu kuliko ncha ya ndani, hivyo rola huteleza kiasi na kuzalisha joto. Rola zenye umbo la pia hupunguza kasoro hiyo, nazo zenye umbo la pipa huvumilia shafti iliyoinama kidogo.

Mitambo mikubwa aghalabu hutegemea mafuta. Michell wa Australia, aliyepata hataza mwaka 1905, na Kingsbury wa Marekani, kila mmoja kivyake, waligundua kuwa vipande vya chuma vinavyoweza kuinama kidogo chini ya kola ya shafti huyaacha mafuta yajipenyeze kama kabari. Kadiri nafasi inavyobana, shinikizo huongezeka hadi mafuta yenyewe yakaibeba shafti, chuma kisiguse chuma. Mwaka 1912 beringi ya Kingsbury iliwekwa katika kituo cha umeme wa maji cha Holtwood, kwenye mto Susquehanna, Pennsylvania.

Udhaifu wake hujitokeza mtambo unapoanza au unaposimama, kwa maana utando wa mafuta hutokana na mwendo. Kwa sababu hiyo vipande hupakwa metali laini yenye bati, na baadhi ya mitambo husukumiwa mafuta kwa pampu kabla ya kuwashwa.

Melini, nguvu ya rafadha hupitia beringi hii ndipo ifike kwenye kiunzi cha chombo. Vipande huwekwa pande zote mbili za kola, kwani meli inaporudi nyuma msukumo nao hugeuka.