Dohani Kwanza, Jiko Baadaye

Njombe na Makete, ukifika mwezi wa Juni, jiko la kuni si la kupikia tu, ni la kuotea pia. Wengi sasa wanalitoa kwenye banda la uani na kulijenga ndani ya nyumba, chini ya dari ya mbao. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni mgawanyo wa pesa: zote zinaishia kwenye jiko lenyewe, marumaru na mlango wa chuma, halafu dohani inaungwaungwa kwa mabati yaliyosalia wakati wa kuezeka.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja iliyokuwa ikinukia kama mkate kila jioni. Nikapanda darini na tochi. Bomba lilipita shubiri moja tu kutoka kwenye kenchi, na upande wa kenchi uliotazamana nalo ulikuwa umeiva, kahawia ya ganda la mkate. Nilipougusa, ukaniachia unga mweusi kidoleni. Mbao inayopikwa polepole hivyo, mwezi hadi mwezi, hukaribia kuwa mkaa, na ikishafika hapo haihitaji tena joto kubwa ili iwake. Moto wa namna hii huanzia darini, wenyewe wamelala.

Bomba la ukuta mmoja likae angalau sentimita 45 kutoka kwa chochote kinachoweza kuungua: kenchi, dari, pazia. Jiko lenyewe, kama ni la chuma, sentimita 90. Nafasi ikiwa finyu, weka bati la kinga, lakini liachane na ukuta kwa sentimita mbili na nusu na liwe wazi juu na chini ili hewa ipande nyuma yake. Bati lililopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao halikingi kitu. Linapokea joto na kulikabidhi. Kama paa ni la nyasi, jiko libaki nje. Hapo sina njia ya mkato.

Moshi wa moto ni mwepesi, hupanda, na katika kupanda huvuta hewa nyingine ipite motoni. Kwa hiyo mdomo wa dohani uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, mgongo wa paa ukiwemo. Ukiwa chini ya hapo, upepo unaogonga paa utaurudisha moshi sebuleni. Kona nazo zipungue. Kila kona inapunguza mvuto.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikosea: maungio. Kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini. Wao hufanya kinyume, wakihofia moshi kuvuja. Dohani inayovuta vizuri haivujishi moshi, bali hufyonza hewa ya chumba kupitia nyufa zake. Kinachovuja ni lami. Mabanzi ya msindano yaliyotoka kiwandani jana bado yana maji, na mvuke wake ukikutana na bomba la baridi hugeuka utelezi mweusi unaoteremka. Ukipita nje ya bomba, unachuruzika hadi kwenye dari. Ukiganda ndani, ipo siku utawaka, na dohani itanguruma kama lori linalopanda mlima. Kausha kuni, na masizi yakifika unene wa milimita 3, yakwangue.

Kuzunguka tanuri la jiko tumia udongo wa kichuguu na mchanga. Saruji ya kawaida hupasuka kwa joto. Wiki ya kwanza washa moto mdogo tu, udongo ukauke taratibu.

Kabla hujalikabidhi jiko kwa wapishi, funga milango na madirisha, washa kuni, kisha shika kijiti cha udi mbele ya mlango wa jiko. Moshi wa udi ukielekea motoni, salama. Ukikujia usoni, nyumba haina hewa ya kutosha: toa matambara mliyoziba nayo tofali za matundu kwa sababu ya baridi. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo motoni, haina rangi wala harufu, ndiyo maana hata jiko la mkaa lililoiva na lisilofuka moshi halifai kuingizwa chumbani.

Na kama pesa ya bomba refu haijatimia, acha jiko lisubiri bila kuwashwa. Mwaka huu oteeni uani.