Taka Zinazoleta Ajira
Kutumia tena vitu vilivyotupwa kumewapa ajira watu wengi wenye ulemavu nchini Tanzania. Kwenye barabara kuu itokayo Tunduma na kupita Ihanda, mkoani Songwe, kuna mfano huko Iringa: Neema Crafts, kituo cha Kanisa Anglikana kilichoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi. Walitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kinyesi huoshwa, huchemshwa, hupondwa kuwa rojo, kisha huchotwa kwa chekeche na kuanikwa, harufu haibaki. Kituo hicho kina pia mkahawa wenye wahudumu viziwi, hivyo mteja huagiza chakula kwa kuandika au kwa ishara. Arusha nako, karakana iitwayo Shanga huyeyusha chupa kuukuu kuwa bilauri na shanga. Chupa tupu hata Ihanda zipo. Kinachokosekana ni tanuri, fundi na soko.